Ndoo Tisa za Mchanga wa Mirihi

Binti yangu ni daktari, lakini si wa watu. Majirani walichelewa kulielewa hilo. Tulipohamia mtaa huu walikuwa wakija mlangoni na magoti yao na vikohozi vyao, naye anawakaribisha, anawapa maji ya kunywa, halafu anawaambia kwa upole kwamba udaktari wake ni wa sayari. Huchunguza uso wa sayari, mawe yake na mchanga wake, na hewa inayoizunguka. Siku moja fundi cherehani wa kona alimuuliza, "Sasa hizo sayari zinaumwa nini?" Binti yangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Vumbi," akasema. "Zinaumwa vumbi."

Kwa hiyo ndoo zilipoanza kushushwa kwenye kibaraza cha nyuma, tisa kwa idadi, zimejaa unga mweusi wa mawe, sikushtuka sana. Nilidhani anazihifadhi tu kwa muda.

"Mama, nina kazi nataka nikuombe," akaniambia jioni ile. "Mashine yetu ya kuchekecha imeungua mota. Tukiagiza nyingine ni miezi minne, na mimi sina miezi minne. Wewe umechekecha unga maisha yako yote."

Ni kweli. Nilipika shule ya bweni miaka ishirini na sita, watoto mia nne asubuhi na jioni. Alinisifu makusudi ili nikubali, najua, lakini nilifurahi hivyo hivyo. Mtu mzima aliyestaafu haombwi kazi kila siku. Huambiwa apumzike.

Alinieleza taratibu, bila kunifanya mjinga. Kuna chombo kitatumwa Mirihi, ile sayari nyekundu. Hakitakuwa na watu ndani. Chombo hicho kinakula jua: kina vibao vinavyoshika mwanga na kuugeuza umeme. Kikifunikwa na vumbi kinakufa njaa. Sasa wakubwa wanaopanga safari walikuwa na mahali pawili pa kukitua, bonde moja lenye mawe mengi na uwanda mmoja mpana. Uwanda ulikuwa rahisi kutua. Swali likawa moja tu, na walimpa binti yangu kazi ya kulijibu: upepo wa kule, katika hewa ile nyembamba, ukivuma kiasi gani ndipo huinua vumbi la uwanda huo?

Hawakuwa na vumbi lenyewe. Walisaga jiwe jeusi la volkano, wakachanganya na chumvichumvi zinazofanana na za kule, na hilo ndilo lililokuwa kwenye ndoo zangu. Nilipewa machekeche matatu ya chuma yanayopandana. Kinachobaki kwenye la kati ndicho anachokitaka, chembe ndogo kuliko chumvi ya mezani.

"Usichanganye na kitu, Mama," akasema. "Na barakoa usiivue."

Kesho yake alirudi na barakoa nzuri ya hospitali na mto wa kukalia, kwa sababu aliona jinsi ninavyojishika kiuno. Sikumwomba ule mto.

Ndoo mbili za kwanza nilizichekecha kavu kama zilivyokuja. Vumbi lilipanda likawa wingu. Mjukuu wangu, ambaye tunamwita Chiriku kwa vile mdomo wake haupumziki, ana miaka saba na ana pumu. Alirudi shuleni, akapita kibarazani kunisalimia, na usiku huo hatukulala. Kifua chake kililia kama mlango. Mama yake, yaani binti yangu, alimshika mgongo, mimi nikashika ile dawa ya kupuliza.

Asubuhi akaja jirani wa upande wa pili wa ukuta, ambaye ni muuguzi. Sare zake nyeupe zilikuwa kwenye kamba jana, na mimi niliona zimekuwa za kijivu. Nikajua amekuja kugomba. "Shikamoo, Mama," akasema. "Nimekuja kukuomba kipande cha sabuni, yangu imeniishia." Basi. Hakutaja vumbi. Alitaka nijue bila kuniaibisha, akachukua sabuni, akashukuru, akaenda kufua upya.

Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Nilijaza bakuli maji ya bomba, nikachovya vidole, nikaurashia ule unga kabla ya kuuchekecha, kama vile mtu anavyorashia uwanja kabla ya kufagia. Maji kidogo tu, ya kutuliza vumbi. Halafu niliuanika juu ya shuka juani mpaka ukakauka ukawa unalia mkononi, nikausugua kwa viganja, ndipo nikauchekecha. Vumbi halikuruka. Chiriku alikaa karibu yangu akiniimbia nyimbo za shule, na sare za muuguzi zikabaki nyeupe.

Ndoo ya tatu mpaka ya tisa nilifanya hivyo. Nami mwenyewe niliandika namba kwenye kila ndoo kwa kalamu ya wino mzito. Sikumwambia binti yangu habari ya maji, wala si kwa kumficha. Mpishi hasemi kwamba ameosha mikono. Maji yalikuja, yakaondoka, nikajua yamekwisha.

*

Miezi mitano ikapita. Jumatatu moja binti yangu akaniambia nivae nguo nzuri, ananipeleka kazini kwake nikauone mchanga wangu ukifanya kazi. Alhamisi saa nne asubuhi angesimama mbele ya kamati ya safari ile kutoa jibu, na sikuwa nimemwona na furaha kama ile tangu baba wa Chiriku alipofunga virago.

Maabara yao ni jengo refu lenye sakafu ya saruji na harufu ya mafuta ya mashine. Katikati limelala pipa la chuma kubwa kuliko jikoni kwetu, na ubavuni mwake vidirisha vya kioo kinene. Fundi wa mitambo, wanayemwita Fundi Nati kwa sababu mifuko yake hailali bila nati, alinivutia kiti, akakifuta kwa leso yake mwenyewe.

"Shikamoo, Bibi. Wewe ndiye mama wa mchanga?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Mchanga wako una kiburi, Bibi. Tunaupulizia, unatuangalia tu."

"Kiburi hicho si changu," nikasema. "Muulize huyo Daktari wako amekitoa wapi."

"Nyie wawili," akasema binti yangu, "mkimaliza kunisema mniite."

Wakanieleza. Pampu ilikuwa imevuta hewa kutoka pipani tangu alfajiri, wakaingiza hewa nyingine, kidogo sana, ya namna ile tunayoitoa puani. Hewa ya Mirihi ni nyembamba kiasi kwamba mtu akiivuta ni kama hajavuta kitu. Ndani, chini ya taa, mchanga wangu ulikuwa umetandazwa kwenye sinia refu, na mwisho wa pipa kulikuwa na feni.

Fundi Nati akawasha. Binti yangu akasimama nyuma yangu, mikono mabegani mwangu, akinisomea namba. Mita kumi na tano kwa sekunde. Mchanga umelala. Kumi na nane. Umelala. "Ishirini na mbili," akasema, "huu ndio upepo wa uwanda ule siku ikiwa mbaya kweli. Unaona? Hata chembe." Ishirini na tano. Ishirini na saba, na hapo mchanga ukaondoka.

Lakini haukuondoka kama mchanga. Uliondoka vipande vipande. Ulipasuka kwanza, ukainuka kama ukoko wa uji uliokaukia ukingoni mwa sufuria, kisha ukasagika. Niliwahi kuona kitu cha namna hiyo. Stoo ya shule, msimu wa mvua, gunia la chumvi likishika unyevu halafu likakauka, tulikuwa tunalipiga kwa mchi kabla ya kuchota.

Nikajiambia, wewe mzee, unajua nini kuhusu Mirihi.

"Na zote zilifanya hivi?" nikauliza.

"Saba zote," binti yangu akasema. "Zile mbili za kwanza tuliziondoa. Zilianza kuruka kwenye kumi na saba. Ulikuwa hujalizoea chekeche, Mama, vumbi jembamba likakuponyoka. Si kitu. Ndoo ya tatu kwenda mbele zinasema neno moja."

Ndoo ya tatu kwenda mbele.

Nilifungua mdomo. Wakati huohuo akaingia mkuu wa idara, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema kazi ya binti yangu imewaokolea miaka ya kubishana. Akasema uwanda utachaguliwa. Binti yangu akafungua ripoti yake, akaenda ukurasa wa mwisho kabisa, akaniwekea kidole pale. Jina langu lilikuwa limeandikwa, lote, na la baba yangu. Walishukuriwa wakubwa na vyuo, na mimi nimo, kwa kuuchekecha mchanga kwa mkono na kwa uvumilivu.

Nilisema ahsante.

*

Jumanne, nyumba ilipobaki tupu, nilitafuta. Chini ya kibaraza lilikuwa limebaki kopo moja la ule unga ambao haukuchekechwa, nililolisahau. Nikachukua sahani mbili. Moja nikaiweka kavu. Ya pili nikairashia kwa vidole, nikaianika juani mpaka adhuhuri, nikaisugua, nikachekecha zote mbili. Binti yangu alikuwa ameniambia kwamba wao huuoka mchanga kabla ya kuutia pipani, basi nami nikazipasha sahani zote mbili ndani ya sufuria kubwa, moto mdogo, saa nzima.

Chiriku akarudi shuleni akanikuta nimeinama mezani na mrija wa soda mdomoni.

"Bibi, unakunywa nini?"

"Sinywi. Napuliza. Vaa barakoa yako ukae mbali."

Akavaa, hakukaa mbali. Nilipuliza sahani ya kwanza kwa pumzi ya mtoto mchanga. Unga ukakimbia mpaka ukingoni. Nikapuliza ya pili vilevile. Ukakaa. Nikapuliza kwa nguvu zaidi. Ukakaa. Nikapuliza mpaka kizunguzungu kikanishika, ndipo kipande kimoja kikabanduka.

"Hii imeshinda," akasema Chiriku, akiinyooshea kidole ya pili. "Imeshinda nini, Bibi?"

"Haijashinda kitu, mjukuu wangu."

"Mbona umekaa hivyo sasa?"

Nilimwambia nimechoka. Akaniletea ule mto wangu wa kibarazani, akauweka nyuma ya mgongo wangu, akaupigapiga kama mama yake anavyofanya.

Nilikusudia kusema jioni ileile. Binti yangu aliporudi alikuwa anaimba. Alikula vizuri, akasahihisha daftari la Chiriku, kisha akaleta beseni na mafuta, akaketi sakafuni akaanza kunikanda miguu kwa sababu ameona nachechemea. "Unajua, Mama," akasema, "tangu Ijumaa nalala mpaka kunakucha. Nilikuwa nimesahau usingizi una ladha gani." Dole gumba lake lilipita unyayoni mwangu, polepole, akitafuta panapouma.

Sitajisingizia wema. Nilipiga hesabu pale, miguu yangu ikiwa mikononi mwake. Nani atajua? Kopo naweza kulitupa. Sahani nitaziosha. Chombo chenyewe kitafika Mirihi baada ya miaka, na kikifa kwa vumbi watasema ni bahati mbaya, sayari ni mbali. Mimi huenda nitakuwa nimeshazikwa. Na mwanangu atakuwa amelala usingizi wake. Akaniuliza kama mafuta yana moto mno, nikasema yako sawa.

*

Jumatano asubuhi alikuwa jikoni anapiga pasi blauzi ya kesho, nyeupe, yenye kola. Mimi nilikuwa namenya viazi. Kitambaa kilikuwa kimekauka mno, basi akachovya vidole kwenye bakuli, akarashia. Matone yakatawanyika kwenye kola. Akapitisha pasi, mvuke ukapanda.

Akainua macho. "Mbona unaniangalia mkono?"

"Ndoo ya tatu mpaka ya tisa," nikasema. "Nilifanya hivyo."

"Ulifanya nini?"

"Niliurashia mchanga maji. Kwa ajili ya vumbi. Kifua cha mtoto, na sare za jirani."

Pasi iliendelea kutembea juu ya kola. Mkono ulikuwa bado haujapata habari.

"Maji gani?"

"Ya bomba."

"Kiasi gani?"

"Ya vidole. Kila nilipojaza chekeche. Halafu nilianika, mwanangu, yalikauka yote, niliacha jua liyanywe."

"Maji yalikauka," akasema, kila neno peke yake. "Chumvi haikuondoka nayo. Iliyeyuka ikaingia kati ya chembe, maji yalipotoka yenyewe ikabaki pale, imezishika. Na sisi tukachukua tukaoka tanurini. Saruji, Mama. Tulikuwa tunapulizia saruji."

Harufu ya kuungua ikajaa jikoni. Nikainuka nikachomoa waya. Kwenye blauzi palikuwa na alama ya pasi, ya kahawia, kamili mpaka ncha yake.

"Miezi mitano umekaa na hili?"

"Nimelijua juzi. Pale kwenye pipa."

"Juzi." Alinitazama kwa macho makavu, na ningependa zaidi kama yangekuwa na machozi. "Na jana?"

Nikauzungusha waya wa pasi mkononi.

"Jana nilikuwa nakukanda miguu, Mama."

Hakupaza sauti. Binti yangu hapazi sauti. Nilikwenda kabatini nikamletea sahani zangu mbili, nimezifunika kwa vifuniko vya sufuria, na mrija. Akazitazama muda mrefu. Akapuliza ya kwanza. Akapuliza ya pili. Akaikwaruza kwa ukucha, akauweka ule ukucha mwangani. Halafu akazifunika tena, akavaa blauzi ya jana, akatoka na sahani zangu mbili bila chai. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja.

"Mama amekasirika?"

"Ndiyo."

"Na wewe, Bibi?"

"Mimi nimekosea. Lete kiatu cha pili."

Siku ile nilimenya viazi ambavyo hakuna mtu angevila. Alasiri simu ikaita, ni Fundi Nati. Akanisalimia kwanza, akaniulizia miguu, kama siku ya kawaida.

"Bibi, zile ndoo mbili za mwanzo Daktari aliniambia nizimwage. Sasa mimi ugonjwa wangu ni mmoja, simwagi kitu. Zilikuwa chini ya ngazi. Tumeziingiza leo."

"Zimeruka?"

"Kumi na saba. Tumerudia mara nne. Kumi na saba, kumi na saba, kumi na sita na nusu, kumi na saba."

Upepo wa uwanda siku mbaya ni ishirini na mbili. Hesabu hiyo hata mpishi anaijua.

"Yeye yukoje?" nikauliza.

"Anafanya kazi, Bibi. Nimemwekea chai pembeni. Ikipoa namwekea nyingine."

*

Alhamisi nilishinda kibarazani. Pale zilipokuwa ndoo kulikuwa na miduara tisa kwenye sakafu, haikuwahi kutoka hata nilipoisugua. Saa nne ikapita. Nikamwona akilini mwangu amesimama mbele ya watu wale kwa blauzi ya zamani. Muuguzi alichungulia juu ya ukuta akaniuliza kama naumwa, nikasema hapana, akanipitishia kikombe cha uji bila kuuliza tena.

Alirudi saa tisa. Akaketi kwenye ngazi ya kibaraza, mfuko wake magotini, akasema yote kwa ufupi, akitazama miduara ile.

Aliwaambia mwanzo hadi mwisho. Mkuu wa idara alimwita pembeni kabla, akamshauri aseme tu kwamba majaribio hayajakamilika, apewe miezi, jambo limalizike kimyakimya. Akakataa. Uwanda umefutwa, chombo kitapelekwa bondeni, kwenye mawe. Ripoti imeondolewa. Na kazi ya vumbi ya safari ile wamepewa watu wengine, wa ng'ambo. Walimshukuru kwa ukweli wake. Walipomaliza kumshukuru wakamwondoa.

"Kwa muda?" nikauliza.

"Hawakusema kwa muda."

"Andika kwamba ni mimi," nikasema. "Waandikie. Mama mpishi, hajui sayansi, alitia maji. Watakuonea huruma."

"Barua ninaiandika. Inasema maji yaliingia wakati wa matayarisho, na mimi sikukagua. Ndoo mbili zikaniambia kweli, nikazitupa kwa sababu sikulipenda jibu lao. Wewe uliniletea ndoo zenye namba, Mama. Namba zilikuwa sahihi. Ni mimi sikukuuliza kulikuwa na nini kati ya mbili na tatu."

"Na lile jina langu? Ukurasa wa mwisho?"

"Ripoti yote imeondoka," akasema. "Na ukurasa wa mwisho nao."

Nilitikisa kichwa. Sikujua mpaka saa ile kwamba nililipenda.

Akafungua mfuko. Akatoa sahani zangu, zimeoshwa. Akatoa kopo la ule unga, alilolichukua chini ya kibaraza asubuhi nisimwone. Akatoa na mizani ndogo ya maabara, bapa kama kitabu, akaiweka sakafuni, akaweka sahani juu yake, akaijaza unga kwa kijiko. Akaenda jikoni, akarudi na bakuli la maji. Ni lilelile, alilijua bila kuambiwa.

"Wanataka kujua maji yalikuwa kiasi gani," akasema, "ili mwingine akikuta mchanga wa namna hii autambue. Ya vidole si kipimo, Mama. Inabidi unionyeshe."

"Sasa hivi?"

"Barua inaondoka kesho."

Niliketi kwenye ule mto. Akaketi mbele yangu, daftari pajani, kama alivyokuwa akiketi jikoni mwa shule akifanya hesabu zake mimi nikipika. Nilichovya vidole vitatu. Nikanyoosha mkono juu ya sahani, na mkono ukatetemeka, na maji yakadondoka matone makubwa, mengi, si kama ilivyokuwa.

Akatazama mizani. Hakuandika.

"Siku ile mkono ulikuwa unatetemeka?"

"Hapana. Nilikuwa nafurahi."

Aliondoa ile sahani, akajaza nyingine. Kisha akanishika kifundo cha mkono, akakaa amekishika, wala si kwa kukibembeleza, kama mtu anayesubiri mtungi utulie kabla ya kuutwika. Tulikaa hivyo. Ndani Chiriku alikuwa anamsomea muuguzi kitabu kupitia dirisha, kwa sauti ya juu, akiruka maneno magumu. Sikuthubutu kumtazama binti yangu usoni. Niliutazama mkono wake. Kwenye dole gumba palikuwa na alama ndogo nyekundu ya pasi.

Mkono wangu ukatulia. Akauachia.

"Sasa," akasema. "Kama siku ile."

Nikachovya, nikarashia. Matone yakaanguka madogo, yametawanyika, yakazama kwenye unga mweusi bila kuinua vumbi.

"Gramu tatu," akasema, akaandika. Akaimwaga sahani, akaifuta, akaijaza upya.

"Tena, Mama."